Bado Nasahihisha

Mkuu mpya wa kolegi yetu ameniomba, sasa kwa kuwa nimestaafu, niwaandikie walimu vijana kurasa chache juu ya miaka yangu ya kazi. Alinipa na mfano wa kufuata: kijitabu cha jubilei, karatasi ya kung'aa, picha za kanisa. Ndani yake imeandikwa kwamba wakati wa vita nyumba hii ilibaki kisiwa cha amani, na kwamba uongozi wa wakati ule, kwa busara yake, ulisitisha desturi fulani ili kuwalinda wanafunzi. Sentensi hiyo nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili. Ndivyo nilivyo, mtu wa kurudia mambo. Nilitafuta njia ya kuielewa bila hasira, sikuipata. Basi naandika na hasira yangu hivyo hivyo. Mkuu akitaka kukata, mkasi anao.

Nilifika hapa kijana, nimetoka chuo kikuu na shahada ya hisabati na tumbo linaloniuma kila asubuhi. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Waislamu hapa mjini, wa ukoo wa mafundi wa magari. Kolegi ya mapadri haikuwa na mazoea ya kuajiri watu wa namna yangu. Lakini vita vilikuwa vimeanza, mwalimu wao wa hesabu alikuwa amekimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka, na aliyefuata alisikia risasi siku ya kwanza akauliza mlango wa nyuma uko wapi. Mimi niliomba kazi kwa sababu sikujua kwamba mtu anaweza kukataa.

Aliyenipokea ni Furera Matiya. Furera ndivyo tulivyowaita watawa wasio mapadri. Alikuwa mzee wa mikono mikubwa, msimamizi wa ghala na ukumbi wa kulia, na zamani alifundisha hesabu mpaka macho yakamchoka.

"Umekula?" aliniuliza.

"Sikuweza, Furera."

"Vizuri. Ukitapika hautachafua kitu."

Kisha akanipa funzo ambalo sikulipata chuo kikuu. "Ukiingia mu darasa, usiongee. Futa ubao kwanza."

"Kama ni safi?"

"Futa. Wao wanaangalia mugongo yako, na we unawasikiliza. Darasa unalijua na masikio kwanza, macho inakuja nyuma."

Nilifuta ubao safi kwa muda mrefu sana. Nilisikia nani anacheka, nani anamnyamazisha mwenzake, benchi gani lina mguu mbovu. Nilipogeuka nilikuwa tayari najua mengi. Ninyi mna mbao nyeupe na kalamu zinazonuka. Futeni vilevile.

Furera ndiye aliyenifundisha pia kuikata chaki. Nchi jirani zilipotuwekea vikwazo, chaki ikawa kitu cha kutunzwa kama chumvi. Aliikata vipande vitatu kwa kisu cha jikoni, akisema mwalimu mwenye kipande kifupi haandiki upuuzi. Na alinifundisha kusahihisha. "Sahihisha swali, usisahihishe mutoto," alisema. Maana yake ni hii: chukua swali la kwanza, lisahihishe kwenye karatasi zote za darasa, ndipo uende la pili. Hivyo hasira uliyopata kwa Petero haimfuati Petero mpaka ukurasa wa mwisho. Niliishika njia hiyo nikaizidisha kwa wasiwasi wangu. Nilipitia kila karatasi mara tatu, kwanza kwa penseli, halafu kwa kalamu nyekundu, halafu bila kalamu yoyote, nikijiuliza kama nimemdhulumu mtu. Wanafunzi wakiniuliza matokeo, jibu langu lilikuwa moja: bado. Kabla ya mwaka kuisha wakanibatiza Mwalimu Bado. Nilijifanya sijui.

Sasa niwaeleze desturi, maana ninyi mmeikuta imekufa. Kila mwezi, siku ya Jumamosi, shule nzima ilikusanyika ukumbi wa kulia na Padiri Mkuu akasoma nafasi, kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho, hadharani. Wa kwanza wa darasa la juu alipewa heshima moja: mwezi mzima, wakati wa chakula cha mchana, alipanda mimbari ndogo ya mbao iliyokuwa ukutani akawasomea wenzake kitabu. Wengine walikula kimya. Yeye alikula baadaye, peke yake, sahani iliyojazwa vizuri zaidi. Furera aliniambia kwamba mapadri wa kizungu waliileta desturi hiyo kutoka makolegi yao ya Ulaya na Amerika ya karne ya kumi na tisa, ambako vijana walikula viazi kimya wakisikiliza maisha ya watakatifu. Huku yalikuwa maharage na ugali wa muhogo, lakini ukimya ulikuwa ule ule. Nilipouona mara ya kwanza niliupenda. Mvulana wa miaka kumi na tisa anasoma, na mia kadhaa wanatafuna taratibu ili wamsikie.

Halafu vita vikaingia na humo ndani.

Mji ulikuwa umegawanyika mtaa kwa mtaa, Wahutu huku, Watutsi kule, na ukimwambia mtu unakokaa ulikuwa umemwambia yote. Siku za mji mfu, vijana walipofunga barabara kwa mawe, sisi walimu tulilala kolegini. Sisi watu wa Buyenzi tulihesabiwa kuwa hatumo, jambo ambalo lilitusaidia mpaka siku lilipoacha kutusaidia. Kolegini wanafunzi walianza kuchagua meza. Hakuna aliyewaamuru. Jumatatu moja niliingia ukumbini nikaona kwamba mji wote umehamia pale, na njia ya kati imekuwa mpaka.

Mwaka ule, aliyekuwa wa kwanza katika darasa la juu ni Fidèle, mtoto wa Kamenge, mtaa wa Wahutu. Mtaa wao ulikuwa umekwisha kuhamishwa kwa bunduki. Mama yake alikuwa kambini juu ya vilima, baba hajulikani alipo. Mvulana huyo hakuwa na mahali pengine duniani pa kulaza kichwa isipokuwa bweni letu, na hakuwa na kitu mbele yake isipokuwa mtihani wa taifa mwisho wa mwaka. Akiupata, ana maisha. Akiondoka kabla yake, hana. Alilijua hilo kuliko sisi sote.

Alipanda mimbari. Kitabu kilikuwa cha mapadri wa kwanza waliovuka Tanganyika kwa mitumbwi, na alikisoma kama mtu anayesimulia safari yake mwenyewe. Hakumaliza ukurasa. Kijiko kimoja kiligonga bakuli, kikafuata kingine, kisha meza zote za upande mmoja zikagonga kwa pamoja, polepole, bila mtu kuinua uso. Fidèle aliendelea kusoma. Tuliona midomo tu.

Aliyeanza kugonga ni Lambert, aliyekuwa wa pili. Kaka yake aliuawa mikoani vita vilipoanza. Nalisema hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mwaka ule nilimchukia asubuhi na kumhurumia jioni, na sikuwahi kupatanisha hesabu hizo mbili.

Furera Matiya alishughulika kwa njia yake. Siku ya pili alikusanya vijiko vyote akavifungia ghalani, wakala maharage kwa mikono. Wakagonga vikombe. Akachukua vikombe, wakanywa maji bombani kama ng'ombe. Wakapiga miguu sakafuni.

"Miguu sina mahali pa kuweka," aliniambia.

Mwisho wa wiki vijana kadhaa walimzunguka Fidèle bombani. Mmoja akamwambia kwa sauti ya kawaida, kama anayemwomba sabuni: "Ukipata wa kwanza tena, ukapanda tena, hautashuka na miguu yako." Nilikuwa upande wa pili wa ukuta. Nilienda moja kwa moja kwa Padiri Mkuu.

Padiri Mkuu hakuwa mtu mbaya. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo kila mtu anavyosema, na nimechoka kulisikia. Alinipa chai. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Mwalimu, mtihani wa mwezi huu ni wiki ijayo. Hesabu ndiyo yenye uzito mkubwa. Nakuomba kitu kidogo. Alama tatu."

Sikuelewa. Akanisaidia.

"Lambert akiwa wa kwanza, kelele zitaisha. Fidèle atakuwa wa pili. Wa pili si aibu. Ni kwa usalama wake."

"Padiri, si tusimamishe kusoma mezani mpaka mambo yatulie?"

"Desturi ya nyumba haivunjwi kwa sababu ya vijiko."

"Lakini alama zinavunjwa?"

"Zinapunguzwa," alisema, akaniongezea sukari ambayo sikuiomba.

Miaka yote hii nimelitafuna jibu hilo. Walimu wenzangu mnaoanza, mtaombwa mengi, na mara nyingi mtaombwa kwa upole. Mtu yule alikuwa tayari kumwibia mtoto asiye na chochote kitu pekee alichokuwa nacho, jibu sahihi, ili aliyemtishia apewe mimbari kama zawadi, na akauita wizi huo ulinzi. Vijana wa bombani sikuwafukuza mimi, sikuwa na mamlaka hayo. Yeye alikuwa nayo. Hakuwaita hata ofisini. Desturi haikuguswa, wenye vitisho hawakuguswa. Kilichotakiwa kuguswa ni hesabu.

Nilimwambia siwezi. Nilimweleza Furera.

"Amekuomba ngapi?"

"Tatu."

"Angeomba makumi tatu ingekuwa afazali. Tatu inafanana na kitu ya kila siku."

Mtihani ukafanyika. Nikaanza kusahihisha kama kawaida, swali la kwanza kwa darasa zima. La Fidèle lilikuwa na kosa. Hatua zote sahihi, safi kama alivyozoea, halafu mstari wa mwisho, palipotakiwa saba, ameandika nane. Nikasema amechoka, nani hajachoka. Swali la pili, palipotakiwa kumi na mbili ameandika kumi na tatu. Nilipofika la nne niliweka kalamu chini. Kila jibu lilikuwa limezidi kwa moja. Mtu asiyejua hesabu hakosei hivyo. Ili kukosea hivyo lazima kwanza uwe umepata.

Nilimkuta nyuma ya ghala akifua shati.

"Fidèle, nimeona karatasi yako."

Hakuacha kufua. "Nimeshindwa, mwalimu."

"Umezidisha moja kila mahali."

"Ndiyo nimeshindwa, sasa."

"We unataka nini?"

"Nataka diplome." Alikamua shati mpaka maji yakaisha. "Mutu hapati diplome akiwa amekufa, mwalimu. Mi nimepiga hii hesabu yote. Usinipe alama ya hatua. Tafazali. Nipe sufuri tu, uniache."

"Padiri alikuambia ufanye hivi?"

"Apana. Padiri aliniambia nisali."

Nilirudi chumbani na karatasi zile na nikafanya kile ninachokiweza kuliko watu wote niliowahi kukutana nao, yaani kuwaza. Nikimpa sufuri, Padiri Mkuu amepata alichotaka kwa mkono wa mtoto mwenyewe, na mikono yake imebaki safi. Nikimpa alama za hatua, ni wa kwanza tena, anapanda, na mimi ndiye niliyempandisha. Nikimwandikia Lambert wa kwanza, vijiko vimeshinda. Nilizunguka hivyo mpaka Furera Matiya akaingia kuchukua chaki zake.

"Umemaliza kusahihisha?"

"Bado."

Alisimama mlangoni akanitazama kwa macho yake mabovu. Nadhani tuliona kitu kimoja kwa wakati mmoja, ingawa yeye alisema baadaye kwamba aliona kwanza.

"Basi sema hivyo hivyo," alisema.

Kanuni ya nyumba ilikuwa wazi. Nafasi hazisomwi mpaka alama zote ziwe zimefika. Msomaji akimaliza mwezi wake anashuka. Na pasipo na msomaji, anasoma mwalimu wa zamu. Zamu ya chakula cha mchana nilikuwa nayo mimi, kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka.

Jumamosi Padiri Mkuu alisimama mbele ya shule nzima. "Alama za hesabu?"

"Bado nasahihisha, Padiri."

Wanafunzi walicheka, upande huu na upande ule. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi kucheka jambo moja, na jambo lenyewe lilikuwa mimi. Padiri naye alitabasamu. Alinijua. Jumamosi iliyofuata hakutabasamu. Ya tatu aliniita ofisini, safari hii bila chai, akaniambia kwamba kazi yangu iko hatarini.

"Naelewa, Padiri. Nataka tu nisimdhulumu mtu."

"Nitatafuta mwalimu mwingine."

Alitafuta. Nampa haki yake, alitafuta kweli. Lakini nani angevuka mji ule kuja kufundisha logarithimu? Wasiwasi wangu, uliokuwa mzaha wa kolegi nzima, ukageuka ukuta. Mtu mwingine yeyote angesema bado wangejua anadanganya. Mimi waliniamini.

Basi nikasoma. Mimi, Mwislamu wa Buyenzi, mimbari ya kwanza kupanda maishani mwangu ilikuwa ya Wakatoliki, na waumini wangu walikuwa na midomo iliyojaa maharage. Nilipokwenda nyumbani, baba mdogo, aliyekuwa chini ya gari na miguu tu nje, aliniuliza:

"Mwenetu, nimesikia sasa uko imamu wa mapadiri."

"Nawasomea tu wakiwa wanakula, baba mdogo."

"Na we unakula saa ngapi?"

"Nyuma yao."

"Basi hata imamu hauko. Uko redio."

Walipiga miguu, bila shaka. Lakini kanuni nyingine ya nyumba ilisema hakuna anayeinuka mezani kabla ukurasa haujaisha. Wakipiga miguu, nilinyamaza. Wakiacha, nilirudi mwanzo wa aya, maana sikuwa na hakika waliisikia. Kwa njia hiyo walikosa mpira wa mchana siku baada ya siku. Sikufanya hivyo kwa ujanja. Kweli sikuwa na hakika.

Lambert alinifuata siku moja darasani, nikifuta ubao.

"Mwalimu, we unamuficha Fidèle."

"Nasahihisha."

"Mwezi ya pili sasa?"

"Mko wengi."

Hakuondoka nyuma yangu. Nilimsikiliza kwa mgongo, kama nilivyofundishwa. Kisha akasema, "Kaka yangu alikuwa wa kwanza hapa. Alikuwa anasoma pale juu. Nilikuwa mudogo, nilikuwa meza ya mwisho, lakini nilikuwa namusikia."

Niligeuka. "Yeye walimpigia vijiko?"

"Apana."

Sikumwambia kitu kingine, na sijui kama nilipaswa. Siku iliyofuata miguu yake ilitulia. Ya meza yake iliendelea. Msisome hapa habari ya toba. Kijana mmoja aliacha kupiga miguu, basi.

Mwaka ukaisha bila nafasi kusomwa tena. Mtihani wa taifa ulisahihishwa mbali, na watu wasiojua nani anakaa mtaa gani. Fidèle aliupata, na vizuri. Alikuja kuniaga na sanduku la bati kichwani.

"Mwalimu, ile mutihani umemaliza kusahihisha?"

"Bado."

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alishusha sanduku.

"Mi nilikuwa nataka kumaliza ile kitabu," alisema. "Ilikuwa zamu yangu. Na we ulikuwa unaisoma vibaya, mwalimu, unaruka majina ya watu. Wale mapadiri walifika ng'ambo, ao hawakufika? Ile siku nilikuwa naumwa, na mutu hakuniambia."

Nilimwambia walifika. Akashukuru, akabeba sanduku lake, akaenda. Ndipo hasira hii iliponikaa, na haijatoka. Tulimlinda, ndiyo. Tulimlinda kwa kumnyang'anya mimbari, mimi na Furera kwa njia yetu nzuri na Padiri Mkuu kwa njia yake mbaya, na katika nyumba yote ile hakuna aliyeuliza kwa nini asitolewe mezani mwenye kijiko. Mwaka uliofuata Padiri Mkuu alitangaza kwamba kusoma mezani kumesitishwa kwa ajili ya amani. Desturi isiyovunjwa kwa sababu ya vijiko ilivunjwa kwa sababu ya mwalimu mzito. Mimbari ikapelekwa ghalani. Furera Matiya aliweka chaki juu yake mpaka alipofariki.

Sasa mkuu mpya anasema mimbari imepigwa vanishi na itasimamishwa ukumbini siku ya jubilei, na kwamba atatafutwa mgeni mheshimiwa wa kusoma ukurasa mmoja. Fidèle yuko Mutakura. Ana duka la vifaa vya ujenzi, anaweka saruji mbele na vitabu nyuma. Ni karibu sana na hapa. Nimeuliza, hakuna aliyemwalika.

Nimeomba nafasi niseme jambo moja Jumamosi hiyo, lakini naliandika na hapa pia, wasije wakasahau kuniita. Alama za hesabu za mwezi ule ziko tayari. Samahani kwa kuchelewa, nilitaka kuwa na hakika. Wa kwanza ni Fidèle, wa Kamenge. Apande akasome.